Yoga ya joto: mnajuaje hapa navutika tu na hapa naumia?

#1 Mkeka_Mbichi
Wakuu, salaam. Nina miezi minne kwenye yoga ya joto, ile ya mikao 26 na mazoezi mawili ya kupumua, dakika 90 ndani ya chumba cha nyuzi 40. Mwalimu wetu ana neno lake, halikosi kila kipindi: "Usumbufu vumilia, maumivu acha." Nje ya chumba nalielewa vizuri. Ndani sielewi chochote. Paja linavuta, bega linawaka, jasho linaingia machoni, moyo unadunda hadi masikioni, kila kiungo kinapiga kelele niache. Nikitii kila kelele, sifiki hata mkao wa tano.

Kilichonileta ni hiki. Wiki ya tatu sasa kuna kitu kinauma chini ya kalio la kulia, pale pale kwenye mfupa wa kukalia. Chumbani sikisikii kabisa. Nakikuta baadaye nikikaa kwenye kiti kigumu. Rafiki yangu tunayefanya naye anasema ni msuli unafunguka. Unafunguka mpaka lini?

Nyie mnatumia kipimo gani?

#2 Kimya_Kingi
Ngoja wajuzi waje. Naweka kambi hapa, bega langu nalo lina kesi.

#3 Hesabu_Sawa
Marekebisho madogo kabla uzi haujaenda mbali. Hiyo 26 tayari imejumlisha pumzi mbili, ya kufungulia na ya kufungia. Mikao yenyewe ni 24. Mpangilio huo alioueneza Bikram Choudhury huko Marekani kuanzia miaka ya 1970 wengi huuhesabu vibaya. Aliwahi kudai hakimiliki juu yake, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema mpangilio wa mikao haulindwi na hakimiliki. Ndiyo maana leo kila ukumbi unaufundisha.

#4 Bibi_Nyonga
Hesabu_Sawa, nyumba ikiungua wewe utakuja kusahihisha idadi ya ndoo 😀 Mtoa mada kauliza kalio lake.

#5 Fizio_Zamu
Mkeka_Mbichi, nikuulize kwanza. Ukitaka kuonyesha panapouma unatumia kiganja au kidole kimoja? Hatua za kwanza asubuhi zinakuwaje?

Mimi kazini hutazama mahali kabla ya ukali. Msuli ukivutwa vizuri, hisia hukaa katikati ya nyama na imetawanyika. Mtu akiulizwa anapapasa paja zima, na akilegeza mkao inapoa hapo hapo. Hisia iliyo karibu na mfupa, au ndani ya kiungo, au inayoonyeshwa kwa ncha ya kidole, hiyo siisukumi hata kama ni ndogo.

Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza kwenye mfupa wa kukalia kwa kano. Unapoinama huku miguu imenyooka, kano hiyo inavutwa na wakati huo huo inabanwa kwenye mfupa. Ukirudia hivyo siku nyingi za wiki, inachokozeka. Tunawaona sana watu wa yoga kwa shida hii. Kwa hiyo "kufunguka" sikubaliani nako.

#6 Mkeka_Mbichi
Kidole kimoja. Na asubuhi hatua kama ishirini za kwanza panakaza, kisha panaachia. Nimeanza kuogopa.

#7 Fizio_Zamu
Usiogope, ila usiendelee kupavuta. Kukaza asubuhi halafu kulegea ukishatembea ni tabia ya kano iliyochokozeka. Nenda ukapimwe ana kwa ana, humu hatuwezi kukugusa.

#8 Mwalimu_Pumzi
Nafundisha mwaka wa tisa huu. Fizio kasema kweli kuhusu mahali, lakini mwanafunzi aliyesimama kwa mguu mmoja hana nafasi ya kuchunguza mfupa uko wapi na nyama iko wapi. Anahitaji kitu anachokisikia hapo hapo. Mimi nawafundisha kusikiliza pumzi. Mkao ukiwa mgumu lakini salama, pumzi inakuwa nzito ila inakwenda na kurudi. Mtu akivuka mpaka, pumzi inakatika, au anaizuia bila kujua. Taya linakaza, vidole vya miguu vinajikunja, uso unakunjamana. Nikiona hivyo namwambia arudi nusu.

Mafundisho ya kale ya Patanjali yanasema mkao uwe imara na wa raha. Vyote viwili. Uimara bila raha umeshapotea njia.

#9 Jiwe_la_Mto
Mwalimu, nakuheshimu, ila pumzi iliniangusha mimi. Nilichanika msuli wa paja nikiwa napumua kama mtoto aliyelala. Nilikuwa nimejizoeza mno kupumua kwa utulivu, hata mwili ulipokuwa unapiga yowe pumzi ilikaa kimya. Nilisikia "tap" ndogo, kama uzi unaokatika, na joto likanimwagikia nyuma ya paja. Hata sikutoka kwenye mkao mara moja. Jioni yake sikuweza kuvaa suruali nikiwa nimesimama.

Halafu kwenye nyuzi 40 kila mtu anahema. Utatenganishaje anayehema kwa joto na anayehema kwa kuumia?

#10 Mwalimu_Pumzi
Pole sana ndugu. Swali lako ni la haki. Kwa anayehema kwa joto, hata akikaa chini ataendelea kuhema. Kwa aliyebanwa na mkao, akilegeza tu pumzi inarudi. Lakini habari ya mtu aliyejizoeza kuificha pumzi, hapo sina jibu zuri.

#11 Nuru_Jioni
Mnasahau faida ya joto jamani. Joto linalainisha misuli kama nta kwenye jua. Ndiyo maana mtu anayegusa magoti tu akiwa kwenye baridi, chumbani anagusa vidole vya miguu. Kwa hiyo ukivutika zaidi kwenye joto ni salama zaidi, msuli umeshaiva.

#12 Daktari_Usiku
Mfano wa nta unavutia lakini unawapoteza wengi. Mwili si nta, unapigana kwa nguvu zote kubaki karibu na nyuzi 37. Hata ukikaa saa nzima kwenye chumba hicho, ndani ya msuli joto hupanda nyuzi moja, mbili. Kulainika kupo, ila ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Kinachobadilika zaidi ni uvumilivu wa neva. Watu wakipimwa kabla na baada ya wiki kadhaa za kunyoosha, mara nyingi ugumu wa msuli unakuta haujabadilika sana, ila mtu anaruhusu uvutwe mbali zaidi kabla ya kusema basi. Joto nalo linatuliza hisia, ndiyo maana tunakanda kiuno kwa maji ya moto. Sasa unganisha: uko chumbani, kengele imepunguzwa sauti, na kano ni ile ile ya jana. Mkeka_Mbichi hasikii kitu chumbani, anasikia kwenye kiti. Hilo halinishangazi.

#13 Nuru_Jioni
Daktari, kama ni neva tu, mbona mtu akitoka chumbani na kupoa anakuwa mgumu tena ndani ya saa moja? Neva zimesahau?

#14 Daktari_Usiku
Ndiyo, uvumilivu wa kipindi kimoja hupita haraka. Lakini sikatai kwamba tishu nazo zinachangia. Ninachokataa ni hiyo "zaidi kwenye joto ni salama zaidi".

#15 Bibi_Nyonga
Mimi nina miaka 61, nimefanya hii kitu kwa miaka kumi na mmoja, na kipimo changu ni kesho yake. Chumbani siamini chochote ninachokisikia, kizuri wala kibaya. Nikiamka kesho nimekakamaa mwili mzima kwa usawa, kulia na kushoto, najua nimefanya kazi. Nikiamka na sehemu moja tu inayouma, upande mmoja, najua nimekosea mahali. Kipindi kinachofuata ule mkao naufanya nusu.

Mkeka_Mbichi, kulia tu? Kushoto hapana?

#16 Mkeka_Mbichi
Kulia tu, mama.

#17 Bibi_Nyonga
Haya basi.

#18 Mbio_Mbio
Hayo maumivu ya kesho yake si asidi ya laktiki tu? Kunywa maji mengi, jasho litaitoa.

#19 Daktari_Usiku
Hapana. Laktiki hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, na jasho siyo njia yake. Kukakamaa kunakokuja kesho hutokana na michubuko midogo sana ndani ya msuli na mwili unapoishughulikia, hasa msuli ukifanya kazi huku unarefuka. Hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua kwenyewe. Kinachozidi wiki kiko kwenye kundi lingine.

Na hayo "maji mengi" nayo yana mpaka. Mtu anaweza kunywa hadi chumvi ya damu ikashuka, na hiyo ni hatari kuliko kiu. Kunywa kwa kiu, kidogo kidogo.

#20 Shangazi_Tamko
Niseme la lugha, maana naona ndilo linalotuchanganya. Mwalimu anapita anauliza "inauma?" Darasa zima "ndiyo." Sasa kalipata jibu gani? Kwetu "inauma" inabeba jino, mguu, njaa hadi moyo. Lakini tukiwa kwa mganga au kwa mama mzazi hatusemi hivyo. Tunasema inavuta, inakaza, inachoma, inapwita, inawanga, inakeketa, ina ganzi, kichomi. Kila neno lina mlango wake.

Mimi nilimwomba mwalimu wangu aache "inauma?" aulize "inaumaje?" Darasa lilibadilika. Anayejibu inavuta, anaachwa aendelee. Inakaza, anaambiwa asubiri pumzi tatu. Inachoma kama kisu, inapiga kama umeme, imekufa ganzi, anashushwa hapo hapo. Wiki ya pili watu walianza kujisahihisha wenyewe kabla hajawafikia.

#21 Fizio_Zamu
Shangazi, hili nalichukua kesho naenda nalo kazini. Na kitaalamu liko sawa: umeme, ganzi, wadudu wanaotembea mguuni, hizo ni dalili za neva. Neva haipendi kunyooshwa kwa kushikilia. Mtu anadhani anavuta msuli nyuma ya goti, kumbe anavuta neva kubwa inayotoka kiunoni hadi unyayoni.

#22 Kimya_Kingi
Ganzi ya aina gani hiyo?

#23 Laini_Laini
Niongeze upande ambao haujasemwa. Sisi wenye viungo vilegevu hatusikii kuvutwa kabisa. Naweka viganja sakafuni bila kupasha mwili, kidole gumba kinalala kwenye mkono, magoti yanapinda kwenda nyuma. Darasani nilikuwa nasifiwa kila siku, "mtazameni Laini." Mwalimu aliposema "funga goti" mimi nililirudisha nyuma mpaka mwisho, kwa sababu sikusikia kitu cha kunizuia. Miaka miwili baadaye magoti yote mawili na nyonga vinauma hata nikiwa nimelala.

Kwa hiyo "katikati ya nyama ni salama" ya Fizio kwangu haifanyi kazi, nyama haisemi. Pumzi haifanyi kazi. Maneno ya Shangazi hayafanyi kazi, maana sina neno la kusema wakati ule. Kinachonisaidia sasa ni macho: nasimama pembeni ya kioo, goti likipita mstari wa wima, narudi. Nakaza msuli wa mbele ya paja badala ya kulisukuma goti.

#24 Mwalimu_Pumzi
Laini_Laini, umenigusa. Nimewasifu wanafunzi kama wewe mbele ya darasa. Sitarudia.

#25 Muuguzi_Zuhura
Jamani mnazungumza misuli tu, na mimi wanaoletwa kwangu kutoka kwenye joto hawaji kwa misuli. Kuna usumbufu wa joto lenyewe, na huo una mpaka wake ambao siyo wa kuvumilia.

Kuhisi joto, kutoka jasho, moyo kwenda mbio kiasi: kawaida, hasa wiki mbili za kwanza mwili unapozoea. Kichwa kuwanga, kichefuchefu, kizunguzungu, kunyong'onyea ghafla: kaa chini, ukitulia kidogo toka nje. Mtu akianza kuongea ovyo, kuchanganyikiwa, kuyumba, au kuzimia na asirudi haraka, hiyo ni dharura. Anapozwa kwa maji baridi mara moja huku msaada unaitwa, hata kama bado anatoka jasho. Msisubiri ngozi ikauke.

Tena chumba chenye unyevu kinawadanganya. Jasho linapoza likikauka mwilini. Lile linalodondoka kwenye mkeka halijawapoza. Wenye mimba, wenye ugonjwa wa moyo, na wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini au baadhi ya dawa za mzio na za akili, waongee na daktari kabla ya kuingia.

#26 Jiwe_la_Mto
Na mkao wa ngamia je, ule wa kupiga magoti na kujipinda nyuma? Nikitoka pale naona nyota kila siku.

#27 Muuguzi_Zuhura
Mishipa ya damu imetanuka kwa joto, presha imeshuka, halafu unabadilisha usawa wa kichwa kwa haraka. Toka polepole, kaa kwenye visigino kwanza. Kila siku tena? Pima presha.

#28 Hatua_Ndogo
Hapa nina jambo linaniuma hadi leo. Ukumbi niliokuwa naenda, kutoka nje ya chumba ilikuwa aibu. "Kaa na usumbufu wako," mwalimu anasema, mlango unatazamwa. Siku moja nilipata kichefuchefu nikaomba kutoka, nikaambiwa akili ndiyo inayokimbia, mwili unaweza. Nikabaki. Nilitapika kwenye taulo langu mbele ya watu. Ninachotaka kusema ni kwamba kutofautisha usumbufu na maumivu kunahitaji mtu awe huru kutoka. Ukishafungiwa mlango, hata kipimo kiwe kizuri vipi hukitumii.

#29 Mwalimu_Pumzi
Kosa kubwa hilo. Naomba radhi kwa niaba ya kazi yetu.

#30 Mgongo_wa_Zamani
Nimewasoma wote, na nitawapinga wengi. Nina maumivu ya kiuno ya miaka saba. Picha zote safi. Kwa miaka mitatu ya mwanzo niliishi kwa hii sheria ya "ikiuma acha", na matokeo yake niliacha kila kitu: kuinama, kubeba, hata kukaa sakafuni na watoto wangu. Kila maumivu niliyahesabu kuwa ni jeraha. Yoga ya joto ndiyo ilinifundisha kwamba kuuma si lazima kuwe kuumia. Mara za kwanza niliinama nikiwa natetemeka, panauma, na kesho yake hapakuwa pabaya zaidi. Nikaongeza. Leo nainama.

Hata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu, liliporekebisha maana ya neno maumivu mwaka 2020, lilisema ni hali isiyopendeza ya hisi na ya kihisia inayohusiana na kuharibika kwa tishu, au inayofanana na hiyo. Inayofanana! Maana yake inaweza kuuma bila kitu kuharibika. Sasa mkimwambia kila mtu aache panapouma, sisi mnatufunga tena.

#31 Jiwe_la_Mto
Na sisi tuliochanika mnatufunguaje?

#32 Mgongo_wa_Zamani
Ndugu, pole. Sisemi maumivu yapuuzwe. Nasema hayasomeki yenyewe, yanasomeka pamoja na historia ya mtu.

#33 Fizio_Zamu
Mgongo_wa_Zamani ana hoja na sitaki ipite hivi hivi. Kwa mtu wa maumivu ya muda mrefu tunatumia namba: kutoka sifuri hadi kumi, hadi tatu au nne tunaendelea, ilimradi ndani ya saa 24 parudi palipokuwa. Pasiporudi, tunapunguza. Kwa Jiwe_la_Mto namba hiyo isingemsaidia, kwa sababu msuli unachanika kwa sekunde moja. Ni matatizo mawili tofauti yanayotumia neno moja.

#34 Shangazi_Tamko
Nilisema mimi, ni neno.

#35 Hesabu_Sawa
Namba nayo ina shida. Nne ya Bibi_Nyonga ni nane yangu.

#36 Bibi_Nyonga
Wewe ukichomwa na mwiba unaita darasa zima. Lakini hapo umesema kweli mwanangu. Linganisha nne yako ya leo na nne yako ya jana.

#37 Mbio_Mbio
Mimi humeza kidonge cha kutuliza maumivu kabla ya kipindi, nafanya mikao yote bila shida. Kuna ubaya?

#38 Muuguzi_Zuhura
Upo, wa aina mbili. Kwanza umezima kengele ambayo uzi mzima tunajifunza kuisikiliza. Pili, vidonge vya jamii ya ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na wewe unaingia mahali utakapopoteza maji kwa dakika 90. Figo zinabanwa pande mbili. Acha, tafadhali. Na kama huwezi kuingia bila kidonge, basi umeshajijibu swali la mtoa mada.

#39 Mbio_Mbio
Sikujua la figo. Asante dada.

#40 Mkeka_Mbichi
Narudi na taarifa, wiki mbili zimepita. Nilipimwa. Ni kano, kama Fizio alivyohisi. Nimeambiwa niache kuinama kwa miguu iliyonyooka kwa sasa, nikunje magoti, na nimepewa mazoezi ya kuipa kano nguvu: kuinua nyonga nikiwa nimelala chali, taratibu, nikiongeza kila wiki. Itachukua miezi. Chumba sijakiacha.

Nimejaribu vipimo vyenu vyote. Pumzi ilinisaidia kwenye mikao ya mgongo. "Inaumaje" ilinisaidia kwenye mabega. Kwenye hili kalio hakuna kilichonisaidia nikiwa ndani, bado halisemi kitu mpaka nikae kwenye kiti. Kwa hiyo nafanya kama Bibi, nasubiri kesho. Ila kesho inachelewa, nakuwa nimeshakosea.

#41 Nuru_Jioni
Basi ingia chumba cha kawaida mara moja kwa wiki, mikao ile ile bila joto. Utasikia mapema. Na hapo Daktari nitakuwa nimekukubalia kidogo.

#42 Daktari_Usiku
Nimepokea, hata hicho kidogo 😀

#43 Kimya_Kingi
Samahani kuuliza tena. Ganzi ya bega ikishuka hadi kidole kidogo cha mkono, kwenye ule mkao wa tai wa kusokota mikono, ni kuvutika au ni nini? Inakaa dakika kumi baada ya kipindi. Mwanzoni ilikuwa dakika moja.

#44 Fizio_Zamu
Kimya_Kingi, tangu posti namba 2 umekaa na hili? Mkao huo usiufanye tena kwanza. Mkono una nguvu sawa na mwingine? Vitu vinakudondoka?

#45 Kimya_Kingi
Juzi kikombe.

#46 Fizio_Zamu
Kesho asubuhi kaonane na daktari. Halafu urudi utuambie.